Wajane wa Eneo Namba Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika saa nane mchana. Mji mkubwa, mji mgeni, na mimi sijui hata jua linazamia upande gani. Nyumba ya wageni ni safi kuliko nilivyotarajia. Chumba namba tatu, vitanda viwili, na kwa bahati mbaya kitanda cha pili ni cha karani mwenzangu wa sensa, yule wa kalamu nne mfukoni. Nyeusi, buluu, nyekundu, na ya nne hajawahi kuitumia, ni ya kuonekana tu. Namwita Kalamu Nne. Yeye ananiita mzee wangu, na tumezaliwa mwaka mmoja. Dharau!

Msimamizi wetu, mama mrefu mwenye miwani ya kamba, ametupa maelezo nusu saa. Tumeletwa kutoka mbali makusudi: karani asiyemjua mtu hampendelei mtu. Kila mmoja ana eneo lake. Unabisha hodi, unauliza, unajaza dodoso la kaya, unaandika namba kwa chaki juu ya mlango, unasogea. Karani haruhusiwi kujihesabu mwenyewe. Dodoso likishatiwa sahihi na mwenye nyumba, halifutwi. Basi.

Halafu akasema la maana. Atakayemaliza wa kwanza bila dosari atapewa ajira ya kudumu, ya mezani. Hakuna tena kuzurura na begi.

Nikampigia mama watoto pale pale. Nikamwambia ahesabu siku kumi tu, baada ya hapo hataniona tena nikiaga mlangoni. Akacheka. Akasema hayo niliyasema mwaka jana, na mwaka juzi pia. Pacha wakanyang'anyana simu. Wana miaka sita. Mmoja alitaka kujua mji una nini. Mwenzake alitaka kujua narudi lini. Nikawajibu wote kwamba narudi. Nawapenda watu hawa mpaka inakera.

Jumanne, 5 Machi

Nimeuzunguka mji tangu asubuhi kutafuta eneo langu, namba tisa. Mji wa ajabu. Kuta ndefu, milango yote rangi ya kijani kibichi, na kimya. Siyo kimya cha watu kutokuwapo. Kimya cha watu kunyamaza! Nyuma ya milango nasikia vijiko na sahani. Nikisogea, vijiko vinatulia. Nikipita, vinaanza.

Njiani kuna kinyozi. Duka wazi, taulo inatoa mvuke, kiti kinazunguka taratibu kana kwamba mtu amenyanyuka sasa hivi. Kinyozi hayupo. Nikangoja robo saa, maana ndevu zimenizidi. Kiti hakikusimama. Nikaondoka na ndevu zangu.

Nikamuuliza mama muuza sabuni Eneo Tisa liko wapi. Akanionyesha kwa kiwiko, huku anapanga sabuni. Akasema huko hakuna watu. Kisha akanitazama usoni, akaongeza: bado.

Nimefika. Ramani inasema kaya arobaini na mbili. Nilichokikuta ni uwanja. Majani mafupi, yamelingana vizuri, na sikuona mbuzi wala mtu wa kuyakata. Katikati yake njia za miguu, zimekanyagwa hadi udongo unang'aa. Zinakata kona. Zinakwenda moja kwa moja mahali ambapo pangekuwa na mlango, zinakoma hapo hapo. Nikafuata moja. Mwishoni nikajikuta nimeinua mkono kubisha hodi hewani. Nikaushusha haraka, nikajifanya najikuna.

Sasa, mtu mwaminifu angeripoti uwanja mtupu. Angepewa eneo jingine na kuanza upya. Kalamu Nne leo amemaliza kaya kumi na moja, na amenitajia mara tatu. Uaminifu ni mzuri, lakini una wakati wake.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata dawa! Nahesabia mezani.

Nimekaa barazani kwa mama mwenye nyumba ya wageni, chai mbele, madodoso pembeni. Nani atabishana na kaya isiyokuwepo? Hatari ni moja tu: msimamizi hukagua. Akiuliza nyumba ya tano ina watu wangapi na mimi nikakodoa macho, nimekwisha. Ndiyo maana nikatumia watu ninaowajua, ambao sitawasahau hata nikipigwa rungu. Uongo mzuri ni ule wenye mizizi.

Nyumba ya kwanza: mama mkwe. Mjane kweli kweli, mgongo mbaya, hakosei kamwe. Nyumba ya pili: shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye amelala kwenye kochi langu mwaka wa pili sasa akisubiri kuitwa kazini. Nikaandika: hana kazi, hajui aanzie wapi, choo cha shimo. Nilicheka peke yangu mpaka chai ikanipalia.

Na ujanja wa juu kabisa ni huu. Ukurasa wa nne wa dodoso ni wa mume: jina, kazi, alikozaliwa, maswali kumi na manane, na lazima atie sahihi yeye mwenyewe. Lakini mwanamke akiwa mjane, ukurasa wote unarukwa! Haki ya Mungu, sijui nani alitunga fomu hii, nampa mkono. Kuanzia nyumba ya tatu nimewafanya wote wajane. Majirani zetu wa nyumbani, walimu wa pacha, muuza vitumbua wa stendi. Waume puu, puu, puu. Kufikia chakula cha mchana nina kaya ishirini.

Kalamu Nne akaja jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kaya kumi na tisa. Nilimwonea huruma, ila siyo sana.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa. Msimamizi amesema anataka kukagua. Leo. Na mimi.

Nilijaribu kila njia. Nikasema mguu unauma. Akasema tutatembea polepole. Nikasema naona kizunguzungu. Akanipa maji. Nikampitisha njia ndefu, kwa kinyozi (kiti bado kinazunguka), nikitumaini atachoka. Mama yule hachoki! Tulipokaribia nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuomba radhi, na machozi mawili tayari.

Tukakata kona. Hakuna uwanja.

Kuna mtaa. Nyumba ishirini, kuta za saruji, milango ya kijani. Juu ya kila mlango, namba kwa chaki. Saba ina kistari katikati. Ninaandika saba hivyo mimi. Nilijifunza kwa marehemu baba, na sijaona mwingine anayeandika hivyo ofisini kwetu. Msimamizi akatazama, akaweka alama ya vema, akasema kazi safi.

Tukabisha hodi nyumba ya tatu. Mwanamke akafungua kabla mkono haujagusa mlango. Sura ya jirani yetu wa nyumbani, yuleyule, ila hakunifahamu. Msimamizi akamuuliza hali ya ndoa. Akasema ni mjane. Mume alifariki Jumatano, kabla ya mchana. Nyumba ya nne: mjane, Jumatano. Ya tano: Jumatano. Wote wanasema kwa sauti ileile, ya mtu anayetaja saa. Msimamizi akasema mtaa huu umepata msiba mkubwa. Nikasema ndiyo, nami nilishangaa.

Nyumba ya pili akatoka shemeji anajikuna tumbo. Akaniita afande. Akaniuliza kwa upole kama najua aanzie wapi.

Nyumba ya kwanza, mama mkwe. Peku, ameshika mgongo. Akasema mumewe alifariki Jumatano. Baba mkwe ana miaka tisa kaburini, nilimbeba mimi begani! Nikafungua mdomo nimkosoe, nikaufunga. Hata huku sikuthubutu.

Nimempigia mke wangu. Analia. Mama yake, ambaye tunaishi naye, ameondoka bila kuaga. Viatu vyake viko mlangoni, vimepangana. Kaka yake naye hayupo, kochi bado lina shimo la mwili wake. Mtaani kwetu wamezika waume watatu kwa siku moja. Nikamwambia asihofu, watu husafiri na watu hufa. Nilipokata simu nikajiona nimekaa chini sakafuni. Ni sadfa tu. Sadfa nyingi, nakubali.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefikiri kwa utulivu. Mimi sikuua mtu. Mimi nimejaza karatasi. Karatasi si mtu.

Nikaenda tena mtaani kuthibitisha. Wajane wamekaa vizingitini, mmoja kila mlango. Hawazungumzi. Nikipita, vichwa vinageuka pamoja. Nikiangusha kalamu, wote wanaitazama. Nikiinama kuiokota, wanainama kidogo na wao. Nikaondoka kwa mwendo ambao ningeuita wa haraka.

Kalamu Nne amefikisha thelathini na nane kati ya arobaini na tano zake. Ameninong'oneza mezani kwamba kesho anamaliza, na kwamba akishapata ajira atanikumbuka, mzee wangu, kwa kazi ndogondogo. Kazi ndogondogo! Mbele ya mama mwenye nyumba!

Nikatoa dodoso jipya. Jaribio tu, la kitaalamu. Nyumba ya ishirini na moja. Mwanamume. Fundi saa, macho hayaoni vizuri. Hali ya ndoa, nikasita, kisha nikaandika mgane, yaani kafiwa na mke. Kalamu Nne hajawahi kuoa. Hata mchumba hana. Nilifurahi sana kwa muda wa dakika moja.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeamka. Chumba kina kitanda kimoja.

Hakuna hata alama sakafuni. Nikamuuliza mama mwenye nyumba mwenzangu amekwenda wapi. Akauliza mwenzangu yupi. Akasema chumba namba tatu hakijawahi kuwa na vitanda viwili, hakitoshi. Nikapima kwa hatua. Kweli hakitoshi. Ukuta umesogea!

Nikakimbilia mtaani. Nyumba ya ishirini na moja ina meza dirishani, na mezani saa thelathini au zaidi, kila moja na wakati wake. Kalamu Nne amebandika saa moja puani anaitazama. Mfuko wa shati mtupu. Akaniita mheshimiwa, kwa heshima ya kweli, na jambo hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Kisha akaanza kulia. Akasema amempoteza mkewe jana. Akanieleza alivyokuwa akicheka huku ameziba mdomo, alivyokuwa akimwachia upande wa dirisha kitandani kwa sababu ya joto. Alimkumbuka mpaka kovu la kidoleni. Mwanamke ambaye hajawahi kuwepo!

Nikamwambia pole. Nilibaki nimesimama pale nasikiliza saa zake, na roho iliniuma, sitaki kudanganya.

Kwa upande mwingine, mashindano sasa hayana mshindani.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amepiga mwenyewe. Yeye hupiga kukiwa na jambo. Akasema nyumba imekuwa kubwa ghafla. Anasikia mtu anavuta kiti jikoni, akienda hakuna mtu, kiti kimevutwa. Pacha wamemuuliza bibi yao yuko wapi mpaka wameacha kuuliza. Akasema niache hiyo kazi nirudi. Hakunung'unika, hakunisuta. Akasema tu: baba watoto, rudi, naogopa. Katika miaka kumi hajawahi kuniambia anaogopa.

Nikafungasha. Naapa nilifungasha. Kuna basi saa tano. Nikakaa kitandani na begi mapajani, nikapiga mahesabu. Kaya ishirini na moja nimemaliza, bado ishirini na moja. Nikiondoka leo, ajira imekwenda, na mwezi ujao wananituma tena mji mwingine, na yeye ataogopa tena. Nikibaki siku mbili tatu, sitaondoka tena nyumbani maisha. Kwa hiyo kubaki ndiko kurudi. Ukilitazama hivyo.

Basi likaondoka. Nililiona kutoka barazani, limebeba abiria wamekaa wima wote, wanatazama mbele. Nikajaza kaya ishirini. Wajane ishirini. Mkono unauma. Imebaki moja tu, ya arobaini na mbili, na sina tena mtu ninayemjua.

Ila nina.

Jumatatu, 11 Machi

Jamani, akili zangu! Kwa nini sikuliona hili mapema?

Ninaowaandika wanakuja huku. Haya, nimekubali, wanakuja, siulizi namna. Basi kwa nini nihangaike kuwafuata watu wangu? Nitawaandika! Mke wangu, mama yake yuko nyumba ya kwanza, kaka yake ya pili. Kiti kivutwe kisivutwe, hatakuwa peke yake. Nitapata ajira na nitapata familia, yote kabla ya chakula cha mchana. Ndege wawili, jiwe nimelishika mkononi.

Nyumba ya arobaini na mbili. Nikaandika jina lake kwa mwandiko wangu mzuri. Nikaandika pacha, miaka sita, wote wazima, wanauliza sana. Nikafika hali ya ndoa. Hapo nikakwama. Nikiandika ameolewa, lazima nijaze ukurasa wa nne, na ukurasa wa nne utanihitaji mimi, na karani haruhusiwi kujihesabu. Msimamizi akiona jina langu, dosari! Ajira imekwenda.

Nikaandika mjane. Kwa muda tu. Kikaratasi tu. Kila mtu anajua mimi ni mzima, mimi wa kwanza.

Nikampigia nimpe habari njema. Simu inaita tu. Imeita, imeita, kisha ikaacha kuita. Nadhani wako njiani.

Jumanne, 12 Machi

Kikombe changu hakipo mezani. Nikamwambia mama mwenye nyumba kwamba amenisahau. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mgeni wa chumba namba tatu. Akanitazama kwa masikitiko, akasema yule bwana alifariki Jumatatu, kabla ya mchana, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kelele lakini hana baya. Kitanda wameshakunja. Nikamwambia mimi ni karani. Ah, karani! Akanikaribisha chai. Karani anamwona, mimi hanioni. Nikanywa. Haikuwa na sukari, sikudai.

Nikaenda nyumba ya arobaini na mbili nikikimbia.

Akafungua yeye. Mama watoto. Kovu dogo kidevuni, kitambaa chake cha njano, kila kitu. Nikanyoosha mikono. Akarudi nyuma hatua moja, akaufunga mlango nusu, akasema karibu karani, samahani nyumba haijapangwa. Nikamwita kwa jina ninalomwita mimi tu. Akaniuliza nimelipata wapi, maana aliyekuwa akimwita hivyo amefariki Jumatatu.

Nikamwambia ni mimi. Nikamtolea picha yetu mfukoni, sisi wanne mbele ya nyumba. Akaishika kwa mikono miwili, kwa heshima, akaitazama muda mrefu. Akasema nina familia nzuri, nisiwaache peke yao siku nyingi. Akanirudishia.

Pacha walikuwa nyuma yake. Mmoja akaniuliza mji una nini. Mwenzake hakuuliza kitu. Alinitazama miguu.

Nimekaa kwenye kizingiti cha nyumba ya arobaini na moja mpaka jua likasogea. Nimelia, na wajane wote wa mtaa wakalia pamoja nami, kwa sauti yangu.

Jumatano, 13 Machi

Mtu mzima halii kila siku. Nimepata ufumbuzi.

Nilimkuta msimamizi. Nikamuuliza, kwa ujumla tu, dodoso likiwa na kosa inakuwaje. Akasema likiwa halijatiwa sahihi linafutwa, mradi karani arudi kwenye kaya ile, aulize upya, na aandike ukweli. Akasema mwisho ni saa sita leo, niwe nimemkabidhi yote arobaini na mawili. Halafu akanitazama juu ya miwani. Akasema makarani wote kabla yangu walimrudishia Eneo Tisa wakasema ni uwanja. Mimi tu ndiye niliyempa mtaa. Sikujua kama ni sifa.

Saa tano na nusu niko mlangoni mwa nyumba ya arobaini na mbili, mke wangu mbele yangu, nina kifutio. Nikafuta neno mjane. Palepale uso wake ukabadilika, kama mtu anayejaribu kukumbuka alichofuata chumbani. Alinitazama, wallahi alinitazama mimi! Nikaandika ameolewa. Ukurasa wa nne. Jina la mume.

Na sasa ni saa tano na dakika arobaini na tano. Nikiandika jina langu, ni dosari, na mwaka mwingine wa safari. Nikawaza: jina ni neno tu. Niache wazi kwa sasa. Nikishashika barua ya ajira nitalijaza. Nikaandika: jina litajazwa baadaye. Maswali mengine nikayapitishia mstari. Mume yupo? Yupo. Nikaweka alama ya vema.

Ndani ya nyumba mwanamume akakohoa.

Mke wangu akatabasamu. Tabasamu lile lile la kunipokea mimi nikitoka safari. Akasema samahani karani, baba watoto ameamka, ngoja nimpelekee atie sahihi. Pacha wakatimka ndani wakipiga kelele baba, baba, mmoja anauliza na mwenzake anacheka. Nikasikia kiti kinavutwa. Nilijaribu kuchungulia. Palikuwa na mguu, na soksi kama zangu.

Nikapiga kelele asitie sahihi. Mke wangu akarudi na karatasi. Sahihi imejaa ukurasa, haisomeki. Akanishukuru kwa kazi ngumu ninayofanya, akafunga mlango. Nyuma ya mlango vijiko vikaanza.

Nilikaa chini barabarani. Ikagonga saa sita kasoro tano. Nikainuka nikapeleka madodoso. Ningefanya nini?

Alhamisi, 14 Machi

Nimeshinda. Barua ninayo, ina muhuri. Ajira ya kudumu, meza na kiti, karani mkaazi wa Eneo Namba Tisa, katika mji huu. Msimamizi akanipa mkono. Mkono wake hauna joto wala baridi. Nikamwomba lile dodoso la arobaini na mbili nirekebishe kitu kidogo. Akanikumbusha kwamba lililotiwa sahihi halifutwi.

Nilikwenda kusimama mbele ya nyumba ile. Dirisha liko wazi. Wanakula. Sauti ya yule bwana inafanana na yangu, ila yeye anasikiliza zaidi. Anawaambia pacha kwamba hasafiri tena. Mama watoto akacheka, na hakumkumbusha mwaka jana. Moyo wangu ulikuwa unapasuka, naandika hivi hivi, sina haya. Nawataka watu wangu.

Lakini sikati tamaa, mimi si mtu wa kukata tamaa. Nimerudi ofisini, nimekaa kwenye kiti changu kipya, nimefikiri. Kando ya nyumba yao kuna nafasi, pana majani tu. Nitaandika nyumba ya arobaini na tatu na nitajiweka humo mwenyewe. Nani atanikagua sasa? Nitakuwa jirani yao. Nitaazima chumvi, nitawazoea, pole pole watanikumbuka. Mpango hauna pengo hata moja.

Nimefungua dodoso jipya. Jina langu, kamili, mara hii sikuacha wazi, nimejirekebisha. Nikafika hali ya ndoa na nikaona jambo ambalo siku zote kumi sikuliona: mtu akiwa mseja, dodoso zima ni ukurasa mmoja! Halina mke, halina watoto, halina hata mahali pa kuwaandika. Dakika tano tu umemaliza.

Nimeandika mseja. Bado sahihi, nayo naitia sasa hivi.